Kioo Kinachozimika Katikati ya Video

Kwenye kliniki moja ya mama na mtoto nilikoitwa kuangalia kompyuta, nilikuta akina mama wamejaa mabenchi, watoto mapajani, macho yote kwenye televisheni ya ukutani. Video ilikuwa ikifundisha namna ya kumpakata mtoto anaponyonya. Mkono wa mama kwenye video ulipofika shingoni kwa mtoto, mahali penyewe hasa pa kuangalia, kioo kikawa cheusi. Sauti iliendelea. Nesi akamrudishia mama mtoto aliyekuwa akimpima uzito, akaenda kugusa kipanya, picha ikarudi, naye akarudi kwenye mzani. Baada ya dakika kumi, hivyo hivyo.

“Fundi, hii mashine imechoka,” aliniambia. “Tangu asubuhi nafanya kazi mbili.”

Mashine ilikuwa nzima. Kompyuta ya kawaida haina njia ya kujua kama kuna mtu anaitazama. Inachohesabu ni muda uliopita tangu kitufe kibonyezwe au kipanya kisogezwe kwa mara ya mwisho. Anayeandika barua huigusa kila mara. Anayetazama filamu ya saa mbili haigusi kabisa, na kwa hesabu yake mtu huyo hana tofauti na aliyetoka kwenda kula akaacha mlango wazi.

Tabia hii ya kuzima kioo ilianza kwa sababu nzuri. Televisheni na kompyuta za chogo zilipakwa ndani ya kioo unga unaowaka, na picha moja ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu iliunguza unga ule ikabaki kama kivuli. Ndiyo maana tukawa na picha za kurukaruka za kutunza kioo. Kisha likaja suala la umeme. Mwaka 1992 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na vioo vyake. Mwaka uliofuata VESA, chama kinachoweka viwango vya vioo, kilitoa utaratibu unaoiwezesha kompyuta kukituma kioo kipumzike au kizime kabisa. Sheria ya dakika kumi iliyokuwa ikimsumbua nesi yule ni mjukuu wa maamuzi hayo, na mimi bado naiona ni sheria njema kwa yeyote anayenunua umeme wa LUKU.

Sasa, video inanusurikaje? Kwa ombi. Programu ya kuchezea video, inapoanza kazi, inatakiwa iuambie mfumo wa kompyuta: kuna picha inaonyeshwa, usizime kioo mpaka nikuambie. Video ikisimamishwa au programu ikifungwa, ombi linaondolewa na saa inaanza kuhesabu upya. Kwenye Windows maombi haya ni ya aina zaidi ya moja. Lipo la kuzuia kioo kisizimike, na lipo la kuzuia kompyuta nzima isilale. Programu ya muziki inahitaji lile la pili tu, kwani wimbo hausikilizwi kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, angalia nini hasa kimezimika. Kioo kikiwa cheusi na sauti inaendelea, ni kioo tu kilichozimwa. Sauti nayo ikikatika, mara nyingi kompyuta yenyewe imelala. Na kama kompyuta mpakato inawaka vizuri lakini televisheni au projekta uliyoiunganisha imezima, mchawi yuko huko: vifaa hivyo vina saa yake ya kujizima, nayo hubadilishwa kwa rimoti yake. Nimeona watu wakihangaika na kompyuta nusu siku kwa kosa la rimoti.

Kwenye Windows kuna amri moja ambayo natamani kila anayeshika kompyuta ya ofisi aijue. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /requests, bonyeza ingiza. Itakuja orodha fupi ya aina za maombi, na chini ya kila aina, jina la programu iliyoomba. Iendeshe amri hiyo video ikiwa inacheza. Chini ya neno DISPLAY pakiwa na neno None tu, umempata mkosaji: programu yako haijaomba. Mara nyingi dawa imo ndani ya mipangilio ya programu hiyo, au ni kutumia nyingine.

Mac ina amri iliyopewa jina la kinachowanyima watu usingizi kwenye kahawa: caffeinate. Ukiandika caffeinate -d -t 7200, kioo hakitazimika kwa sekunde 7,200, yaani saa mbili, kisha mambo yanarudi kama kawaida. Wa Windows wanaweza kupata hilo hilo kwa kifaa kiitwacho Awake, kilichomo kwenye mkusanyiko wa PowerToys unaotolewa bure na Microsoft. Linux nayo inayo njia zake.

Kurasa za intaneti zina kisa chake. Kwa miaka mingi ukurasa wa mapishi au wa maneno ya nyimbo haukuwa na njia ya kuomba kioo kisizimike mkono wako ukiwa kwenye unga. Waandishi wa kurasa wakawa wanaficha ndani yake kivideo kidogo kisichoonekana, kinachojirudia, ili kifaa kidhani kuna filamu inatazamwa. Njia ya halali ilikuja kwenye Chrome mwaka 2020, Safari 2023 na Firefox 2024. Ukihamia kwenye ukurasa mwingine, ombi linafutika lenyewe, na ndivyo inavyopaswa.

Wengi hukimbilia kwenye mipangilio ya umeme na kuweka kioo kisizimike kamwe. Wengine hununua kidude cha kuchomeka kinachotikisatikisa kipanya. Nawasihi waache. Kompyuta ya kliniki ina majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo. Ikikaa wazi usiku kucha, bila kujifunga, kila apitaye anaweza kusoma siri ya mtu. Video inahitaji ruhusa ya muda wake tu.

Pale kliniki niliandika amri ile video ikiendelea. Chini ya DISPLAY palikuwa na None tu. Nikafungua mipangilio ya programu ya video, nikakuta kisanduku kinachoruhusu kioo kupumzika wakati wa kuonyesha kimewekewa alama ya vema. Huenda kidole cha mtu kilipita hapo siku moja. Nikaiondoa alama, nikaandika amri tena, na safari hii jina la programu likaonekana mahali pake. Tukasubiri. Dakika kumi zikapita, kisha kumi nyingine, mkono wa yule mama ukafika shingoni kwa mtoto na picha ikabaki. Video ilipokwisha, kioo kikahesabu dakika zake kikazima chenyewe. Nesi hakugeuka, alikuwa akisoma mzani.