Linda Duka Lako Bila Kumwaga Damu

Akina mama wengi tunategemea biashara ndogo ili watoto waende shule na sufuria isikose kukaa jikoni. Huyu ana genge la nyanya, yule ana duka la sukari na sabuni, mwingine anasuka nywele. Mtaji wenyewe mara nyingi ni mkopo wa VICOBA. Kwa hiyo mwizi akichukua mauzo ya siku moja, amegusa ada ya mtoto na marejesho ya kikundi kizima.

Wezi wengi wa dukani hawaji na panga. Wanakuja na "Shikamoo mama" na maneno matamu.

Wanaingia wawili. Mmoja anaomba kitu kilichoko rafu ya juu, na ukigeuka, mwenzake ameshafika kwenye droo. Mwingine analipa kwa noti kubwa, anabadili mawazo, anadai noti yake, anaongeza bidhaa, mpaka hesabu inakuchanganya. Wa tatu hanunui chochote ila anauliza sana: baba anarudi lini, unafunga saa ngapi, benki unakwenda siku gani. Huyo mjibu kwa adabu na kwa ufupi. Ratiba ya nyumba yako si bidhaa ya kuuza.

Wala usimpime mtu kwa nguo zake. Mwenye suti anaweza kuwa tapeli, na kijana mwenye kaptula iliyochanika anaweza kuwa ametumwa chumvi na mama yake. Tazama matendo.

Mama mwenzangu, shika taratibu hizi kila siku:

1. Msalimie kila anayeingia na umtazame usoni. Mwizi hapendi kutambuliwa.

2. Droo iwe na chenji tu. Fedha nyingi weka mahali pengine, na usizihesabu mbele ya watu.

3. Noti uliyopewa iache mezani mpaka mteja apokee chenji yake. Noti ya shilingi 10,000 iinue kwenye mwanga uone sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi. Noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 usipokee. Muda wa kuzibadilisha benki uliisha tarehe 5 Aprili 2025.

4. Mteja akilipa kwa simu, angalia salio kwenye simu yako mwenyewe, siyo ujumbe anaokuonyesha kwenye yake. Namba ya siri usimpe yeyote. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

5. Usipokee soda wala pipi kutoka kwa mtu usiyemjua. Wapo wanaotiliwa dawa za usingizi, wakaibiwa kila kitu. Ukimkuta jirani amelegea na haamki, usimnyweshe maziwa wala maji, maana atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, kisha mpeleke hospitali haraka.

6. Usimwachie mtoto duka peke yake jioni. Na akija mwenye silaha, mpe anachotaka. Mtaji hutafutwa tena, mama hatafutwi.

Sasa tuseme lile ambalo hatupendi kulisema. Umemwona kijana akikimbia na mkoba wako, unapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Baada ya hapo neno hilo si lako tena. Ni la mawe, fimbo na matairi.

Sisi wauguzi tunawapokea vijana hao. Fuvu limepasuka, mbavu zimevunjika, damu inavuja tumboni mahali ambapo jicho halioni. Wengine waliiba kweli. Wengine walifananishwa tu, au walikuwa wanakimbilia basi. Kitandani wote huvuja damu ya rangi moja, na mlangoni kuna mama anayelia.

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Na Biblia katika Kutoka sura ya 22 inatofautisha: aliyempiga mwizi akafa wakati akivunja nyumba usiku hakuhesabiwa damu, lakini jua likiisha kuchomoza, aliyemuua alikuwa na hatia. Hata katika torati ile ya zamani, mali haikununua uhai wa mtu.

Basi tufanyeje? Patana na majirani wa duka mapema. Badala ya kulia "mwizi", piga filimbi au waite kwa majina: "Mama Neema, Baba Juma, njooni!" Andikeni ukutani namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya kituo cha polisi, namba ya dharura ni 112. Aliyekamatwa ashikwe, asipigwe, akabidhiwe polisi. Kama fimbo zimeshainuliwa, wewe uliyeibiwa una sauti kuliko wote. Sema, "Mwacheni, mali ni yangu, nami nataka apelekwe polisi."

Jioni ukifunga kufuli, mshukuru Mungu kwa mauzo, hata yakiwa madogo. Mwombe akulindie duka, na alinde pia mikono yako isiwe na damu ya mtoto wa mwenzako.