Gita Jipya Halijamalizika Mpaka Lipite kwa Fundi

Wanaojifunza gita la umeme wana kituo kimoja ambapo wengi hushukia: kodi ya F, yaani noti za F zinazopigwa kwa pamoja. Kidole cha shahada kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote kwenye freti ya kwanza, vidole vingine vitatu vishike mahali pake, na sauti itoke safi. Haitoki. Kidole kinauma, uzi wa pili haulii kabisa, na hata kodi inapotoka, sauti yake imepanda kuliko inavyotakiwa. Baada ya wiki tatu kijana anaambiwa, au anajiambia mwenyewe, kwamba hana kipaji. Gita linatundikwa ukutani.

Magita mengi ninayoletewa kurekebisha yametoka kwenye misumari ya namna hiyo. Nikiyakagua, mara nyingi vidole vya mtu havina kosa. Pale shingo inapokutana na kichwa pana kipande chembamba cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Nitakiita kizingiti. Kiwandani mifereji hiyo haikuchimbwa vya kutosha, kwa hiyo nyuzi zimekaa juu mno, na kuzishusha mpaka ziguse freti ya kwanza kunataka nguvu maradufu. Kwa kuwa uzi unavutwa chini kupita kiasi, unakaza, na sauti inapanda. Fundi mwenye tupa nyembamba akikaa nacho kwa muda mfupi, F inashikika.

Gita jipya, hasa la bei ya chini, hutoka dukani likiwa halijamalizika. Mnunuzi asiyelijua hilo huona kila tatizo kuwa ubovu na kudhani ametapeliwa. Muuzaji naye huona kila tatizo kuwa la kawaida na kusema litakwisha ukizoea. Ukweli ni kwamba yapo matatizo yanayokwisha kwa bisibisi, na yapo ambayo hayana dawa isipokuwa kuliacha gita hapo hapo dukani. Makala hii inahusu namna ya kuyatofautisha.

Kwa nini linatoka hivyo

Magita ya umeme ya mbao nzima, kama Telecaster na Stratocaster ambayo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuyauza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950, yalibuniwa yatengenezwe kwa vipande: shingo peke yake, kiwiliwili peke yake, kisha vinaunganishwa kwa skrubu. Mtindo huo ulishusha bei, na leo magita mengi ya wanaoanza hutengenezwa China na Indonesia kwa njia hiyo hiyo. Mashine za siku hizi hukata mbao na kupima nafasi za freti kwa usahihi mkubwa. Kazi inayobaki ni ya mkono: kuchimba kizingiti, kusawazisha freti, kulainisha ncha zake, kupanga urefu wa kila uzi. Kazi hiyo inakula saa za watu, na bei inapobanwa, saa hizo ndizo hupunguzwa kwanza.

Halafu kuna safari. Mchonga vinyago anajua kwamba mti huendelea kuishi baada ya kukatwa: hewa ikiwa na unyevu unavimba, ikikauka unasinyaa. Gita lililotengenezwa na kukaguliwa Asia hukaa kwenye kontena baharini, likateremshwa Dar es Salaam au Mombasa kwenye joto na unyevu, kisha likapandishwa Dodoma au Nairobi ambako hewa ni kavu zaidi. Ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo ukahisi ncha za freti zinakukwaruza kama msumeno, mara nyingi freti hazikukua; ubao ndio umesinyaa ukaziacha zimechomoza.

Muda wote huo nyuzi zinavuta. Seti ya nyuzi za namba 10, zikikazwa kwa mtindo wa kawaida, huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ili shingo isipinde, ndani yake kuna fimbo ya chuma inayokazwa na kulegezwa, ubunifu ambao Gibson walipata hataza yake mwaka 1923. Fimbo hiyo imewekwa kwa sababu watengenezaji wanajua kwamba mti utabadilika na kwamba mtu atahitaji kuurekebisha. Kulirekebisha gita jipya ni sehemu ya maisha yake ya kawaida.

Mpangilio wa kazi

Kosa la wengi ni kurekebisha ovyo. Uzi ukikoroma, wanapandisha daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye kiwiliwili. Ukiwa juu, wanakaza shingo. Sauti ikikataa kukaa, wanalaumu vikazio vya nyuzi vilivyo kichwani. Kila sehemu hugusa nyingine, kwa hiyo kazi ina utaratibu wake.

Anza na nyuzi mpya. Zile zilizokaa dukani miezi mingi huwa na kutu na sauti iliyokufa. Zifunge, zikaze, kisha uvute kila mmoja taratibu kwa vidole na ukaze tena, mpaka uache kulegea. Gita jipya lisilodumu kwenye tyuni mara nyingi linadai hatua hii tu. Ukikaza ukasikia mlio mdogo wa "ti!", uzi unanasa kwenye mfereji wa kizingiti, paka unga wa ncha ya penseli, utateleza.

Pili ni shingo. Funga kapo, kile kibano cha shingo, kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, na uzi huo utakuwa rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati yake na freti ya 8. Kwa shingo zake nyingi za kisasa, Fender hupendekeza milimita 0.25, sawa na unene wa karatasi mbili au tatu za daftari. Fila geji ya fundi magari inatosha kupimia. Nafasi ikiwa kubwa, fimbo ya shingo inakazwa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, inalegezwa. Usizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, tyuni upya, kisha pima tena. Ikikataa kuzunguka, acha. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni hasara kubwa.

Tatu ni kizingiti. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ndogo sana, ya kuonekana kwa shida. Panapoweza kupita kadi ya benki, kizingiti kiko juu mno, na hapo ndipo F inapozaliwa kuwa mateso. Uchimbaji wake mwachie fundi, kwa sababu mfereji ukizidi kina, kipande kizima hubadilishwa.

Nne ni urefu wa nyuzi kwenye daraja. Kila uzi umekalia tandiko lake dogo la chuma lenye skrubu. Kipimo cha Fender kwa magita yake mengi ya kisasa ni milimita 1.6 kutoka freti ya 17 mpaka chini ya uzi. Anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo.

Ikiwa nyuzi zinakoroma, mahali zinapokoromea patakuambia chanzo. Zikikoroma kwenye freti tano za mwanzo, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Zikikoroma juu, karibu na kiwiliwili, matandiko yako chini. Zikikoroma mahali pamoja tu, kuna freti moja iliyopanda kuliko jirani zake. Weka ukingo mfupi ulionyooka juu ya freti tatu. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, umeipata.

Hatua ya tano, na masikio yetu

Hatua ya tano ni usahihi wa sauti kutoka chini ya shingo hadi juu. Kwenye gita la kipimo cha Stratocaster uzi una urefu wa milimita 648, na freti ya 12 iko nusu ya njia, milimita 324. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza na uupige, utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha bonyeza hapo hapo na upige tena. Sauti mbili hizo zinatakiwa zilingane. Ikiwa ya kubonyeza imepanda, sogeza tandiko nyuma ili uzi uwe mrefu. Ikiwa imeshuka, lisogeze mbele. Ukishatyuni uzi upya, milimita moja ya tandiko hubadilisha sauti ya freti ya 12 kwa takriban senti 2.7, yaani sehemu 2.7 kati ya 100 za nusu toni. Ni kidogo, lakini tandiko lililokaa vibaya kwa milimita nne au tano huharibu wimbo.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu ya muziki wetu. Mpiga kodi tatu karibu na kichwa anaweza asilione kosa kwa miaka. Dansi na rumba haziko hivyo. Solo mara nyingi hupanda juu ya freti ya 12, second solo inamjibu, ridhim inawashikilia, na wote hupiga kwa sauti safi. Sikiliza rekodi za mpiga gita Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au za bendi ya Mlimani Park: hakuna mkwaruzo wa kuficha noti iliyopanda. Magita mawili yanapotembea pamoja huku moja likiwa na matandiko ya kiwandani ambayo hayajaguswa, bendi nzima itasikika haijatyuni, hata kama tyuna zote zimewaka kijani.

Baada ya hapo panga pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Sumaku zake zikikaribia nyuzi mno, zinazivuta, na noti za juu kwenye uzi mnene zinayumba kana kwamba zina sauti mbili. Wengi huhangaika na matandiko wakati dawa ni kushusha pikapu. Ukiwa umebonyeza freti ya mwisho, acha kama milimita 2 au zaidi kidogo kati ya uzi na pikapu.

Umeme wake

Pikapu za koili moja huvuma. Ni tabia yake. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliunda pikapu ya koili mbili ili kuufuta mvumo huo. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, gita limefungwa waya za ardhi vizuri. Ukiongezeka, au sauti ikikatika unapotikisa waya, fungua kifuniko: huenda kuna kiungo cha risasi kilichoachia, au nati ya jeki imelegea na kusokota waya mpaka ukakatika. Hizo ni kazi ndogo.

Lakini ukihisi mtetemo wa umeme kwenye vidole, au midomo inapogusa maikrofoni huku umeshika gita, acha kupiga mara moja na umwite fundi umeme akague amplifaya na soketi. Mwaka 1972 mpiga gita wa Scotland, Les Harvey, alifia jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Soketi zisizo na waya huo ziko kwenye kumbi na makanisa mengi, na nyuzi za gita ni za chuma.

Ya kukataa dukani

Sasa yale yasiyo ya bisibisi. Shika gita kama bunduki, tazama shingo kutoka kichwani kwenda kwenye daraja. Kupinda kidogo kwa urefu kunarekebishika. Ikiwa upande mmoja umejisokota kuliko mwingine, liache. Tazama nyuzi za pembeni: ikiwa mmoja unakaribia kudondoka nje ya ubao wa freti, ama shingo imefungwa upande, ambayo hunyooshwa kwa kulegeza skrubu, ama daraja limetobolewa mahali pasipo pake, na hilo ni kosa la kiwanda. Tafuta ufa nyuma ya kichwa. Piga kila noti kwenye kila freti ya kila uzi, ukitafuta iliyokufa. Chomeka kwenye amplifaya, badilisha swichi, zungusha kila kitufe. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo amekwisha kukujibu.

Kwa mzazi, kanisa au bendi changa inayotafuta gita la kwanza, ushauri wangu ni mmoja: usimalize fedha zote dukani. Bakiza za seti moja ya nyuzi na za ufundi. Gita la bei nafuu lililopangwa vizuri humfundisha mtu vizuri zaidi kuliko la bei kubwa lililoachwa lilivyotoka kwenye boksi. Na kama nyumbani kwako kuna gita lililotundikwa kwa sababu mwenyewe aliambiwa hana kipaji, lishushe leo. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama nafasi iliyo juu ya ile ya kwanza, kisha lipeleke kwa fundi kabla hujamhukumu mpigaji.