MATANGA YA MSIBA NA MATANGA YA CHOMBO

Lugha ya pwani ina neno moja kwa mambo mawili. Matanga ni nguo za chombo zinazoshika upepo. Na matanga ni siku za kukaa chini msibani. Toka Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hata Lindi, mambo hayo mawili hukutana mara nyingi katika nyumba moja: baba amefariki, na mashua yake imebaki ufukoni.

Tena huenda si mashua ya kuvulia tu. Huenda ndiyo iliyokuwa ikishinda siku za sikukuu, vijana wanaposhindana kwa tanga na akina mama wakipiga vigelegele. Sasa marehemu amezikwa, Misa imesomwa, wageni wamerudi kwao, na hakuna athubutuye kuigusa. Mjane akiiona hulia. Mwana hupita njia nyingine.

Huzuni hiyo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini pa Lazaro. Lakini jua halikai matanga. Mbao zikikauka hujikunja, na nafasi kati ya ubao na ubao hufunuka. Misumari ya chuma huliwa na kutu, na mti unaoizunguka hulainika. Mchwa hupanda toka chini. Chombo kilichoachwa kwa heshima ya marehemu huishia kuwa kuni, na riziki ya watoto huondoka pamoja nacho.

Basi, familia ifanyeje? Kwanza wakae pamoja, mjane akiwapo na akisikilizwa, wapatane chombo ni cha nani. Asije ndugu mmoja akakiuza mbiombio, wala mwingine akakitengeneza kisha akadai ni chake peke yake. Pili, wakivute mpaka mahali bamvua lisipofika, wakiweke juu ya magogo, wakitilie kivuli cha makuti. Tatu, wamwite fundi wa vyombo akague mkuku na mataruma, kwani ubao huonekana mzima kwa nje, kumbe kisu huingia kama katika papai.

Kazi yenyewe haiendi upesi. Ubao uliooza hutolewa, na mwingine huchongwa kwa kipimo chake. Pamba iliyotiwa mafuta husokotwa, ikapigwa katika nafasi za mbao kwa patasi na nyundo, ndiyo kalafati. Kisha chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Bandu bandu, huisha gogo.

Na hapo mfiwa hupata jambo ambalo salamu za pole hazimpi. Mwana hung'oa ubao, akakuta kiraka alichotia babaye. Fundi humsimulia kilitiwa kwa sababu gani. Jina la marehemu hutajwa bila watu kunyamaza ghafula. Asiyeweza kulia mbele ya wageni hulia akiwa ameshika nyundo. Tena mafundi wengi wa pwani yetu ni Waislamu. Wakija kufanya kazi kwa Mkristo aliyefiwa, huo nao ni ujirani mwema.

Mwaka 1986 ukame ulipunguza maji ya Ziwa la Galilaya, na ndugu wawili wavuvi wakakuta matopeni mashua ya kale sana, ya karibu na zama za Bwana wetu. Urefu wake ulipita mita 8. Wataalamu waliona kwamba imetengenezwa mara nyingi, nayo ina mbao za miti ya aina 10 au zaidi. Wenyewe hawakuwa matajiri. Walitia kiraka kwa mti waliopata, wakaenda kuvua. Nasi twajua kwamba Yakobo na Yohane waliitwa ziwani pale pale, wakizitengeneza nyavu zao pamoja na baba yao.

Lipo onyo moja. Kijana mwenye uchungu hutaka chombo kishindane sikukuu ijayo, apate kushinda kwa ajili ya baba. Asiharakishe. Mbao zilizokaa kavu hunywa maji na kuvimba taratibu. Chombo kikae kwanza maji machache, kimefungwa, maji yakichotwa na kumwagwa, hata kiache kuvuja. Tena asikilize habari za hali ya hewa. Wazee wa Lindi walisimuliana kimbunga cha Aprili 1952 kilichoua watu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko makubwa Kilwa, barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Mama aliyekwisha kumzika mume asizikishwe na mwana.

Siku chombo kitakaposhuka majini, mwombeni padre akibariki. Na pato la kwanza litolewe humo sadaka ya Misa kwa ajili ya marehemu, wala asisahauliwe mwezi wa Novemba. Mashua iwalishe watoto. Sala zimfikie baba.