Uwanja mzima wa Gahanga, kilo mbili tu

Chukua uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017 pembezoni mwa Kigali. Tufanye ni duara la upana wa mita 140. Utandike wote kwa kioo cha metali kisicho na kasoro, uning'inize cha pili juu yake kwa pengo la mikromita 1, kisha uiondoe hewa. Vioo hivyo havina chaji wala sumaku, lakini vitavutana. Kwa nguvu gani? Nyutoni 20, sawa na uzito wa kilo 2.

Fomula ni ya Mholanzi Hendrik Casimir wa maabara za Philips, mwaka 1948. Ombwe halitulii: mawimbi ya sumakuumeme hutikisika humo hata gizani. Pengo jembamba hulikataa wimbi lisiloenea ndani yake, mawimbi ya nje hayana kizuizi, na vioo husukumwa kukaribiana. Pengo likipungua nusu, nguvu huongezeka mara 16. Kwa nanometa 100, zile kilo 2 zinakuwa tani 20.

Sasa ondoa kioo cha juu, uweke mpira wenye ukubwa wa ule wa kriketi, kipenyo sentimita 7.2, nao wa metali. Kwa mikromita 1 unavutwa kwa nyutoni 0.0000000001. Kisahani bapa cha upana huohuo kingevutwa mara 54,000 zaidi, kwa sababu mpira hukaribia kioo kwenye nukta moja, kwingine kote unajikunja kwenda mbali. Hata pengo likipunguzwa nusu, nguvu yake huongezeka mara 8 tu.

Ajabu ni kwamba wapimaji wengi wa nguvu hii huchagua umbo hilohilo la mpira. Bamba la sentimita 1 likiinama upande mmoja kwa sehemu ndogo ya mikromita, kipimo kimeharibika. Mpira hauna upande wa kuinama. Umar Mohideen na Anushree Roy, California 1998, walitumia mpira wakafikia usahihi wa asilimia 1. Kundi la Padova, Italia, lilishikilia mabamba bapa mwaka 2002, likaishia asilimia 15. Kwangu hiyo ni biashara nzuri: unapoteza nguvu, unapata uhakika.

Lakini uso ukiwa na mifereji, hesabu hizi huvurugika. Mwaka 2008 Ho Bun Chan na wenzake walichonga mifereji myembamba kwenye silikoni, wakaondoa karibu nusu ya uso wake. Mtu angetarajia nguvu nusu. Kwa umbali wa nanometa 150 hadi 500 walipata zaidi ya hapo, kwani mawimbi hayajumlishi uso kipande kwa kipande. Huathiriwa na umbo zima kwa pamoja.