Saa Inayopima Mwili: Iamini kwa Lipi?

Sogea karibu na redio, mpakate mtoto vizuri, na kama una jirani aliye mjamzito mwite naye asikilize, kwa sababu maneno ya leo yanamhusu sana.

Leo tunazungumza kuhusu saa janja. Hizi ni zile saa za mkononi zenye kioo kama cha simu. Huhesabu hatua unazotembea na kuonyesha mapigo ya moyo. Nyingine hudai kupima presha, sukari, usingizi na hata msongo wa mawazo. Labda mwanao anayefanya kazi Nairobi au Dubai amekuletea moja kama zawadi. Labda umeiona kwa wachuuzi mjini ukajiuliza: Je, saa hii yaweza kunisaidia kulinda afya yangu na ya watoto wangu?

Yaweza, kwa mambo machache. Lakini kuna mambo mengine ambayo ukiiamini, yanaweza kukugharimu uhai.

Tuchukue mfano wa mama tutakayemwita Mama Kemunto. Ana mimba ya miezi minane. Dada yake alimpa saa janja. Jioni moja anaumwa na kichwa sana, anaona vimulimuli machoni, na pete imembana kidoleni. Anatazama saa. Saa inaonyesha presha 118 kwa 76, na kando yake picha ya uso unaotabasamu. Mumewe anamwambia, "Saa inasema uko sawa. Lala, tutaenda kliniki kesho." Je, wewe ungefanya nini? Liweke swali hilo moyoni, tutalirudia.

Saa huona nini?

Ukiivua saa na kuigeuza, utaona taa ndogo za kijani. Hizo ndizo macho yake. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapodunda, damu huongezeka kidogo chini ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Saa huhesabu kupungua huko, na hivyo hujua moyo umedunda mara ngapi kwa dakika.

Kwa oksijeni, saa hutumia mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho yetu. Damu yenye oksijeni nyingi hunyonya mianga hiyo tofauti na damu iliyopungukiwa. Ndani ya saa kuna pia kitambuzi cha mwendo. Hicho hujua kama unatembea, umekaa, au umelala bila kugeuka. Saa nyingine hupima umeme wa moyo: unagusa saa kwa kidole cha mkono wa pili, nayo hupokea umeme mdogo ambao moyo hutoa kila unapodunda.

Basi shika neno hili, mama. Saa inaona mwanga, mwendo na umeme kidogo. Mengine yote inayokuonyesha ni makadirio, yaani hesabu zilizofanywa juu ya hayo.

Inapofanya vizuri

Saa nzuri huhesabu mapigo ya moyo vyema ukiwa umetulia na mkanda umekaa sawa. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hudunda mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukijua kawaida yako, utatambua mapema ikibadilika.

Saa nyingine zaweza pia kutambua moyo unaodunda bila mpangilio. Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani kilifuatilia zaidi ya watu 400,000 waliovaa saa za Apple, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Walioonywa na saa hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Baadhi yao walivalishwa kifaa maalum cha kupima moyo, na takriban thuluthi moja ya waliokirudisha walionekana kuwa na tatizo hilo. Tatizo lenyewe huja na kupotea, kwa hiyo wengine huenda lilikuwa limetulia siku za kupimwa. Tunajifunza nini? Saa ikikuonya, nenda ukapimwe. Usikimbilie kununua dawa, wala usiseme tayari una ugonjwa wa moyo.

Inapoweza kukudanganya

Kwanza ni presha. Pale kliniki nesi hukufunga mkono kwa kitambaa kinachojaa hewa na kubana. Kule kubana ndiko kunakopima. Zipo saa chache zenye mfuko wa hewa ndani ya mkanda, lakini saa nyingi hazibani chochote. Hukisia tu kwa ule mwanga. Mnamo Septemba 2025, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliidhinisha saa za Apple kuwaonya watu wenye dalili za presha ya juu. Hata hizo hazitoi namba ya presha, na watengenezaji wenyewe wamesema onyo hilo halikukusudiwa wanawake wajawazito. Ikiwa saa ya bei ghali haimfai mjamzito kwa jambo hili, sembuse ile ya kando ya barabara?

Pili ni sukari. Mnamo Februari 2024 idara hiyohiyo ilitahadharisha kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Wako wagonjwa wanaobandikwa kifaa chenye kitambuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi, kisha saa ikaonyesha majibu ya kifaa hicho. Hilo ni jambo lingine. Lakini saa tupu ikikuambia sukari yako ni kadhaa, usijidunge insulini kwa neno lake. Mgonjwa akizidisha insulini, sukari hushuka ghafla, naye anaweza kuzirai na hata kufa.

Tatu ni oksijeni. Mwaka 2020, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichunguza vipimo vya kidoleni vinavyotumika hospitalini. Waligundua kwamba vipimo hivyo vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kipimo kinachotumia mwanga hupita kwenye rangi ya ngozi. Kama kifaa cha hospitali hukosea hivyo, saa ya mkononi isikutie moyo ukimwona mtu anahema kwa shida.

Na mtoto je?

Usimvalishe mtoto mchanga saa yako ili kumpima. Saa nyingi zimetengenezewa watu wazima. Lakini iko kazi moja ambayo saa yoyote inaweza kukusaidia, hata ile ya zamani yenye mshale wa sekunde. Mtoto akikohoa au kuhema vibaya, subiri atulie bila kulia, inua nguo yake, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kila tumbo linapoinuka ni pumzi moja.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anahema kwa kasi mno. Wa miezi 2 hadi 11 ni pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi miaka 5 ni pumzi 40 au zaidi. Hiyo yaweza kuwa nimonia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea, usihesabu tena. Mbebe mwende mara moja.

Saa na mzigo wa moyo

Saa nyingine huonyesha namba ya msongo wa mawazo. Namba hiyo hutokana na jinsi nafasi kati ya pigo moja la moyo na jingine inavyobadilika. Ni kweli kwamba wasiwasi huubadilisha mdundo. Lakini homa huubadilisha pia, na kahawa, na kupanda mlima ukiwa na mtungi wa maji. Moyo hudunda kwa kasi harusini na hudunda kwa kasi matangani. Saa haijui umetoka wapi.

Tena mama aliyejifungua juzi, anayeamka usiku mara nne kunyonyesha, ataambiwa na saa kila asubuhi kwamba amelala vibaya. Hilo alikuwa analijua! Kama namba hizo zinakuongezea hofu, ivue saa usiku, uiweke mezani.

Huzuni ya baada ya kujifungua hutambuliwa kwa mazungumzo. Mwaka 1987 wataalamu wa Scotland walichapisha maswali 10 ya Edinburgh, ambayo hadi leo hutumika katika nchi nyingi. Humuuliza mama kama bado anaweza kucheka, kama analia, kama anajilaumu bila sababu, kama amefikiria kujidhuru. Hakuna hata swali moja kuhusu mapigo ya moyo. Kwa hiyo jiulize, au muulize binti yako, mkamwana wako au jirani: Je, kwa majuma mawili sasa umekuwa na huzuni isiyoondoka, huna hamu ya lolote, huna upendo kwa mtoto? Ikiwa ndivyo, zungumza na nesi au daktari. Huo ni ugonjwa na unatibika. Hujawa mama mbaya. Na kama una mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako. Mwambie mtu leo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyotozwa malipo, 1199.

Tumrudie Mama Kemunto

Mama mkwe wake alikuwepo. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe mwenyewe unajisikiaje?" Aliposikia habari ya kichwa na vimulimuli, hakuitazama saa. Aliita pikipiki. Kituoni nesi alimfunga kitambaa mkononi, na presha ikasoma 170 kwa 110. Alipewa dawa ya kushusha presha na dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, akapelekwa hospitali kubwa. Wangengoja asubuhi, huenda hadithi yetu ingekuwa nyingine.

Mjamzito akiumwa na kichwa kisichoisha, akiona giza au vimulimuli, akivimba uso na mikono, akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, au akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dalili hizi zaweza kutokea hata ndani ya majuma sita baada ya kujifungua. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi kwa mjamzito si ya kungojea. Na kupimwa si lazima uende mbali kila mara. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 hapa Kenya walianza kugawiwa mikoba ya vifaa, ikiwemo mashine ya kupima presha. Muulize wa kijiji chenu.

Ya kukumbuka

1. Itumie saa kuhesabu hatua, mapigo ya moyo ukiwa umetulia, na pumzi za mtoto.
2. Saa ikikuonya, nenda ukapimwe.
3. Saa ikinyamaza na mwili unalalamika, usikilize mwili.
4. Usianze, usiache wala usibadilishe dawa kwa sababu ya namba ya saa.

Maswali ya kikundi

Je, katika kikundi chenu nani anayo saa ya namna hii, na huiamini kwa lipi? Usiku wa manane mjamzito akiumwa kwenu, mtampeleka kwa usafiri gani, na nani ataachiwa watoto? Kubaliananeni leo, kabla ya siku yenyewe.