Unauza Turbo Mtumba ya Subaru? Usimuuzie Msee Kifo cha Injini

Umeomoka kiasi, Subaru yako imefungwa turbo kubwa, na ile ya zamani imelala chini ya kitanda ikikula vumbi. Sasa unataka ganji. Hakuna noma, lakini kabla upige picha na uandike "iko fiti, bei tunaongea", cheki hii.

Swali la kwanza la mnunuzi mjanja si bei. Atakuuliza, ilitolewa kwa nini? Kuna ile ilitolewa juu mwenyewe alitaka nguvu zaidi, na kuna ile ilitolewa juu gari ilianza kutoa moshi ya bluu. Ukimdanganya hapa, msee hapotezi tu pesa ya turbo. Shafti ya hiyo kitu huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ikikatika, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwa injini. Hapo ile doo alikulipa inakuwa ya chai tu.

Kwa hivyo ipime mwenyewe kwanza. Shika shafti na vidole uitikise kando kando. Ikicheza kidogo ni sawa, hiyo nafasi hujazwa na oili. Sasa ivute na uisukume, ndani nje. Ukiisikia ikicheza hivyo, jua imeisha. Izungushe pole pole, mabawa yasiguse ukuta. Washa tochi ya simu utafute ncha zilizolika na nyufa upande wa ekzosi. Unyevu kidogo wa oili upande wa hewa usikushtue. Ikiwa inatiririka, hiyo uza kama ya kurekebishwa, na useme hivyo.

Na tafadhali usiioshe hadi ing'ae kama sufuria ya harusi. Mafundi wa Kirinyaga Road wameona hizo sinema zote.

Piga picha ya namba zilizo kwa kibati. TD04 ya Mitsubishi na zile VF za IHI zinazokuja na STI si kitu moja, na msee asibebe ya STI akidhani ni kufunga tu na kutoka mbio. Kompyuta ya gari lazima ipangwe upya. Kama injini yake haikuzaliwa na turbo, mwambie wazi hiyo ni project ya pesa mob, si ya wikendi.

Mkutane kwa gereji ya fundi wake, alipe akishaikagua. Halafu mwambie abadilishe oili, asafishe ama abadilishe paipu inayoleta oili kwa turbo, na aimwagie oili ndani kabla ya kuwasha. Paipu ikiwa imeziba, hata turbo poa itakufa wiki ya kwanza, na simu ya matusi itakuja kwako.