Maji Yalayo Bomba

Akina mama wa pwani wamejua tangu zamani kwamba ndimu au ukwaju hung'arisha sinia la shaba. Uchachu ule ndio tindikali, nayo huondoa uchafu pamoja na chembe za shaba yenyewe. Kazi hiyo hiyo hufanywa polepole na maji ya nyumba nyingi, ijapokuwa ulimi hausikii uchachu wo wote.

Mvua inaponyesha huchukua angani ile hewa ya ukaa tuitoayo puani, nayo ikichanganyika na maji huzaa tindikali nyepesi. Katika kipimo kiitwacho pH, 7 ni katikati, na chini ya hapo ni tindikali. Maji safi ya mvua huwa karibu na 5.6. Visima vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe havina shida hiyo, kwa kuwa chokaa ya mawe huishinda tindikali. Ndiyo sababu ndani ya birika hufanyika gamba jeupe. Bali maji yatokayo juu ya mabati hayajakutana na chokaa.

Tindikali hiyo yenyewe haimdhuru mnywaji. Ndimu ni kali zaidi sana. Hatari imo katika vitu ambavyo maji huvibeba. Yakilala usiku kucha bombani hula zinki, shaba, na kibaya kuliko vyote, risasi, iliyomo katika mabomba kadha ya zamani na katika lehemu. Risasi ndani ya maji haina rangi wala ladha, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Wala msidhani kwamba kuchemsha kutasaidia: moto huua vijidudu, risasi hubaki.

Basi asubuhi yaacheni maji ya usiku yatoke kwanza, myatumie kuoshea sakafu. Bomba la risasi halina dawa ila kuondolewa. Mwenye tangi la bati na ayapitishe maji katika kokoto safi za mawe ya chokaa, akiziongeza zinapopungua, maana huliwa. Tangi la saruji hufanya kazi hiyo lenyewe. Chokaa iliyochomwa isitiwe kwa kukisia, kwani huunguza.

Wengine hutia magadi. Ni kweli magadi huiondoa tindikali, lakini yale ya ziwani huweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki.